Maswali ya Madereva: Kungoja Mzigo ni Kazi au Mapumziko?

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wanaoendesha malori ya masafa marefu Marekani. Zote zinazunguka ELD, kile kifaa kinachochomekwa kwenye injini na kuandika saa za dereva, ambacho tangu Desemba 2017 kimechukua nafasi ya daftari kwa malori mengi ya huko.

Nalipwa kwa maili. Juzi nimekaa ghalani saa tano nikingoja kupakia. Wakongwe wananiambia muda wote huo niuweke mapumziko. Nikiandika ukweli naumia, nikidanganya naogopa. Nifanyeje? (Dereva mpya, Ohio)

Ndugu yetu, wakongwe wamekupa nusu ya jibu. Sheria inakuruhusu kuendesha saa 11, ndani ya dirisha la saa 14 tangu uanze kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Pia kuna kikomo cha saa 70 za kazi ndani ya siku 8, au 60 ndani ya siku 7, kutegemea kampuni. Kinachowachoma madereva ni dirisha la 14. Likishafunguka halisimami, hata ukilala. Kuandika "mapumziko" kunaokoa zile 70. Dirisha linaendelea kuliwa.

Lakini kuna njia halali, nayo wengi hawaitumii kwa sababu hesabu yake inachanganya. Unaweza kugawa mapumziko ya saa 10 mara mbili: kipande kimoja kisichopungua saa 7, chote kitandani ndani ya kabini, na kingine kisichopungua saa 2, kitandani au nje ya kazi. Jumla ifike 10. Vikitimia vyote viwili, hakuna kinachohesabiwa kwenye dirisha.

Tuchukue siku yako. Umeanza saa 12 asubuhi, dakika 15 za kukagua gari, umeendesha saa moja na dakika 45, saa 2 uko getini. Robo saa ya kujiandikisha ni kazi, iandike kazi. Kuanzia saa 2:15 hadi 6:15 mchana umeegesha na kulala. Saa 6:15 umeitwa gatini, umepakiwa, umesaini hati ya mzigo, saa 7 umetoka. Bila kugawa, dirisha lako linafungwa saa 2 usiku na una saa 7 tu mbele yako, ingawa za kuendesha bado unazo 9 na robo. Ukigawa, zile saa 4 zinatoka kwenye hesabu na dirisha linasogea hadi saa 6 usiku.

Sasa mtego. Tuseme umeendesha saa 8, ukajaza mafuta nusu saa, na saa 3:30 usiku ukaingia kitandani kwa saa 7. Ukiamka saa 10:30 alfajiri hupati saa 11 mpya. Hesabu inaanzia pale kipande cha kwanza kilipoishia, saa 6:15 mchana. Umeshatumia 8, zimebaki 3. Wengi huamka, hukubali mzigo wa maili 500, halafu hujikuta wamekwama njiani na kuanza kutafuta njia ya kuchezea logi, yaani kumbukumbu ya saa zao. Uongo mwingi huanzia hapo, kwenye hesabu iliyokosewa asubuhi.

Angalia pia kipande kifupi kisikatike. Ukiitwa baada ya saa 1 na dakika 40 ukasogeza lori, kifaa kinaandika "kuendesha" likifika maili 5 kwa saa, na kipande chako kimekufa kabla ya kufika saa 2. Hata ukitumia hali ya kusogea ndani ya yadi, hiyo ni kazi. Kabla ya kuvuta pazia, muulize karani foleni ina malori mangapi mbele yako. Kama uko kwenye mstari unaosogea kila dakika kumi, hapo hakuna mapumziko, wewe uko kazini.

Hatuwezi kukwepa hili: malipo kwa maili ndiyo yanayolipia uongo. Sheria ya kazi ya shirikisho ya 1938 iliwaacha madereva wengi wa malori ya kuvuka majimbo nje ya malipo ya saa za ziada, na kungoja ghalani mara nyingi hakulipwi saa mbili za mwanzo. Kwa hiyo andikisha saa ya kuingia na ya kutoka kwenye hati ya mzigo, karani asaini, na peleka picha siku hiyo hiyo. Kudai pesa ya kungoja bila karatasi hiyo ni kupigia mbuzi gitaa.

Dispacha, mpangaji wa safari wa kampuni, ananiambia: "Saa zikiisha piga namba hii, watakuongezea." Wenzangu wanafanya. Kuna ubaya gani ikiwa sigusi chochote mwenyewe? (Dereva, Texas)

Ubaya unabaki kwako, kaka, kwa sababu kila siku unathibitisha logi kwa jina lako. Kampuni inaruhusiwa kupendekeza sahihisho, kwa maelezo, nawe ukubali au ukatae; ile ya awali lazima ibaki kwenye kumbukumbu. Muda wa kuendesha ulioandikwa na kifaa chenyewe haupunguzwi. Anayekuongezea saa anafuta kitu kisichofutika kihalali.

Na hugunduliwa kirahisi. Kifaa kinaandika mahali, maili za gari na saa za injini kila ukiwasha, ukizima au ukibadili hali, na kila saa moja gari likitembea. Askari wa mizani akiona injini imezimwa Amarillo na kuwashwa Oklahoma City, bila mstari wa kuendesha katikati, hahitaji utaalamu. Anaomba risiti ya dizeli. Mara nyingi unasimamishwa hapo hapo kwa saa 10, mzigo ukichelewa kuliko kama ungelala.

Kukataa kuna utaratibu. Mwambie dispacha kwa ujumbe wa maandishi, ukitaja kanuni: "Dirisha langu la saa 14 linaisha saa 2 usiku, siwezi kufikisha." Maneno kama "nimechoka kidogo" hayatoshi. Akikutisha, kanuni dhidi ya kulazimisha madereva inatumika tangu Januari 2016, na malalamiko hupelekwa kwa FMCSA, mamlaka ya shirikisho ya malori, ndani ya siku 90. Ukifukuzwa kwa kukataa, peleka malalamiko OSHA, mamlaka ya shirikisho ya usalama kazini, ndani ya siku 180. Halafu tafuta kifaa chenu kwenye orodha ya FMCSA ya vifaa vilivyosajiliwa. Kikifutwa humo, kampuni hupewa muda wa kukibadili, kwa kawaida siku 60; baada ya hapo ni kama huna logi.

PC, yaani kuendesha lori kwa matumizi binafsi ukiwa nje ya kazi, ina kikomo cha maili ngapi? (Dereva, Minnesota)

Kanuni ya shirikisho haina namba. Swali ni kwa nini unatembea. Saa zimekuishia ghalani na wamekufukuza uwanjani? Nenda mahali pa karibu penye usalama wa kulala, hata ukiwa na mzigo, na andika maelezo: "Ghala limekataa kulala, kituo cha kwanza kimejaa." Lakini ukivipita vituo viwili vyenye nafasi kwa sababu viko nyuma ya njia yako ya kesho, umesogeza mzigo, na hiyo si PC. Kifaa hupunguza usahihi wa mahali ukiwa PC, hadi umbali wa kama maili 10, ila maili za gari bado zinaandikwa ukiwasha na ukizima injini. Ukivuka Kanada, huko namba ipo: kilomita 75 kwa siku.

ELD imezimika katikati ya safari. Niendelee? (Dereva, Indiana)

Endelea, kwa karatasi. Ijulishe kampuni kwa maandishi ndani ya saa 24, kisha chora logi za leo na za siku 7 zilizopita, isipokuwa kama kumbukumbu zake zinapatikana. Kampuni ina siku 8 kukitengeneza. Ndiyo maana kwenye kabini lazima kuwe na karatasi tupu za logi za kutosha siku 8, mwongozo wa kifaa, na kile kijikaratasi cha jinsi ya kumtumia askari kumbukumbu. Hicho hupotea kuliko vyote. Kibandike ndani ya kizuia jua.