Anza na huo mshahara wa kwanza

Mdogo wangu, umeuliza kama kuna haja ya kuweka akiba ya uzeeni ukiwa na miaka 25, na mshahara wote unaishia kwenye kodi ya nyumba na nauli ya matatu. Haja ipo, tena anza mwezi huu. Chukua shilingi 3,000 kila mwezi, kwa faida ya asilimia 8 kwa mwaka: ukianza sasa, ukifika miaka 60 utakuwa na takriban milioni 6.9. Ukingoja hadi 35, utapata kama milioni 2.85, ilhali ulichobakiza mfukoni kwa miaka hiyo kumi ni 360,000 tu. Bei ya unga itapanda, najua, lakini pengo hilo ni kubwa mno.

NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii hapa Kenya, unakatwa asilimia 6 ya mshahara, hadi kiwango kilichowekwa, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Kagua akaunti yako ya NSSF uone kama pesa hizo zinafika kweli. Hizo pekee hazitakutosha. Fungua mpango binafsi wa pensheni uliosajiliwa na RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya pensheni. Michango ya hadi 30,000 kwa mwezi, NSSF ikiwemo, huondolewa kabla ya PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, kukokotolewa. Iagize benki ikate mchango wako siku ile ile mshahara unapoingia.

Na nakusihi, ukihama kazi usizitoe pesa zako za pensheni. Wengi hapa Nairobi huzitoa wakanunua simu. Zihamishie mpango mpya.