Uliza Anko Kanda: Hiyo CD ya Wapolandi siyo ya msibani, mkwe

SWALI: Shikamoo Anko. Mi ni fundi friji hapa Morogoro, kuna mteja alikuwa anahama akauza vitu vya ndani, nikabeba boksi zima la CD kwa buku tano. Moja imeandikwa QUIDAM, ni ya Poland, 1996. Anaimba dada mmoja, kuna filimbi, magitaa yanalia taratiiibu, wimbo hauishi. Majina ya nyimbo yana herufi L iliyopigwa mstari kama imefutwa. Sielewi hata neno moja ila kila usiku nikishika solda lazima niiweke, wife anasema nizime huo ni muziki wa msibani au wa kanisa. Ni kitu gani hiki Anko, na mbona kinaniingia wakati lugha siijui?
Fundi wa Kihonda

JIBU: Marahaba mwanangu. Buku tano! Watu wameisaka hiyo miaka, wewe umepewa kwenye boksi.

Hao ni vijana wa Inowrocław, mji mdogo wa chumvi na maji ya tiba huko Poland. Quidam ni Kilatini, maana yake mtu fulani, yani bendi inaitwa Fulani tu basi. Hiyo ndio albamu yao ya kwanza. Anayeimba ni Emila Derkowska, gitaa Maciej Meller, kinanda Zbyszek Florek, filimbi ni dada mwingine, Ewa Smarzyńska. Muziki wenyewe wanauita roki ya progresivu, ulikolea Uingereza miaka ya 70 na bendi kama Camel na Genesis, nyimbo ndefu zinazobadilika njiani, na sie tuliokulia kwenye dansi wimbo mrefu haututishi ila hapa usingoje sebene, ukidhani sasa wanachanganya ndo kwanza wanashusha, inabaki filimbi na kinanda, halafu gitaa linaingia na noti moja linaivuta weeee mpaka unasahau solda inaunguza meza.

Utajiuliza Poland na mambo haya wapi na wapi. Redio, mwanangu. Enzi za ukomunisti rekodi za nje zilikuwa shida kupata, ila redio ya taifa idhaa ya tatu, wenyewe wanaiita Trójka, ilikuwa na watangazaji kama Piotr Kaczkowski waliokuwa wanapiga albamu nzima hewani, na vijana huku nyumbani wamekaa na kaseti wanarekodi. Kizazi kilichokua hivyo ndo kikaja kuunda bendi miaka ya 90. Wengi wao waliweka mwanaume mbele, hawa wakaweka mwanamke tena kwa Kipolandi, na mi nasema hapo ndo walipowapiga bao wenzao.

Sasa kwanini inakuingia. Nina jibu langu, wataalamu watanisamehe. Kipolandi kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, sawasawa na sisi, ukisema kitaBU mwalimu anakuchapa, ni kiTAbu. Sikio lako linajua neno linaangukia wapi hata kama halijui neno lenyewe. Hiyo L iliyokatwa ni W tu. Kwahiyo Płonę soma "Pwone", hiyo pwo ni ya pwani kabisa, na maana yake ni "naungua", neno moja kwao neno moja kwetu, Mwingereza hapo anahitaji maneno matatu. Warkocze soma "varKOche", ni misuko, ya nywele. Niespełnienie, jambo lisilotimia, inaishia "nyenye" utadhani mtu ananyenyekea, na msikilize Emila anavyoimba, hapigi kelele hata siku moja, sauti inakaa juu nyembamba kama anaogopa kuamsha mtoto chumba cha pili.

Mkwe wangu naye asidharauliwe. Kuna wimbo humo unaitwa Sanktuarium, yani patakatifu, kwahiyo kanisa kalinusa vizuri tu. Msiba hapana. Siku akiwa anasukwa mwekee Warkocze, kwa sauti ndogo, halafu uniandikie.

Ukitaka kuendelea tafuta Sny aniołów ya 1998, ndoto za malaika. Hiyo waliitoa na kwa Kiingereza pia, usiichukue ya Kiingereza, mi nimesikia zote mbili na ile ya Kiingereza dada anaimba kama amevaa viatu vya mtu mwingine. Halafu kuna CD ya shoo yao ya Mexico mwaka 1999, kwenye tamasha la Baja Prog, kutoka mji wa chumvi mpaka Mexicali, mji wa huko Mexico lilikofanyika, si mchezo. Ya mwisho na Emila ni Pod niebem czas, 2002. Baada ya hapo aliondoka, akaja mwanaume, Bartek Kossowicz, wakatoa surREvival 2005, albamu nzuri tu ila kwangu hiyo ni bendi nyingine iliyorithi jina.

SWALI: Anko, mi ni shabiki wa Riverside, ile bendi ya roki ya Poland, nipo Mombasa. Nimebishana na broo wangu, anasema gitaa la Riverside siku hizi linapigwa na mtu wa Quidam. Kweli?
Binti wa Likoni

JIBU: Broo wako kashinda, mlipe. Piotr Grudziński wa Riverside alifariki Februari 2016, mwaka uliofuata Maciej Meller akaanza kupanda nao jukwaani, na 2020 wakamfanya mwanachama kamili. Ndiye huyohuyo wa noti inayovutwa.