Tatu ya 13 na chuo kikuu

Mdogo wangu wa Kasulu, unauliza kama tatu ya 13, yaani divisheni ya tatu yenye pointi 13 kidato cha sita, ya HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) itakufikisha chuo kikuu. Divisheni iweke kando. Huko A ni pointi 1, jumla ndogo ndiyo tamu. Kwenye udahili hesabu inageuka: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa kawaida, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) inataka masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Una D ya Historia na D ya Kiswahili: 2 na 2, umegusa mstari. Lakini kugusa si kupata. Kozi yenye waombaji wengi huchukua wenye pointi nyingi. Mimi hapa Tabora niliuza asali stendi mwaka mzima nikiamini tatu haiendi chuo, kumbe sikuwahi kupiga hesabu! Pakua mwongozo wa TCU, usome sifa za kila kozi.