Kona ya Anti: Amepata jibu halafu kalifuta

SWALI: Anti shikamoo. Mimi nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, nina kijana wangu yuko darasa la sita. Zamani alikuwa anaenda shule vizuri tu ila tangu waanze kubandika majina ukutani, wa kwanza mpaka wa mwisho, amebadilika kabisa. Kila Ijumaa siku ya tesiti tumbo linamuuma, ukimuuliza anasema mama mimi sina akili, niache tu nikusaidie kuanika dagaa. Baba yake anasema huo uvivu dawa yake fimbo. Nimekutumia picha za daftari lake la hesabu uone mwenyewe. Nifanyeje?
Mama wa Kirumba

JIBU: Marahaba mama, pole na mihangaiko.

Tuanze na tumbo. Najua wengi wangekwambia hapohapo huyo ana woga, lakini sisi watu wa ziwani tuna kichocho, na mtoto anayeoga ziwani kila wikiendi anaweza kuwa nacho cha tumbo bila nyie kujua. Mpeleke kituo cha afya apimwe choo, wakikikuta dawa ipo, prazikwanteli, na minyoo waangalie hukohuko. Vipimo vikiwa safi, halafu tumbo lenyewe Jumamosi halipo na jamaa anakimbiza mpira, basi hapo ni woga wa tesiti. Na mwambie mzee kwamba maumivu ya woga ni maumivu kweli, mtoto haigizi, mtu akiogopa mwili unajiandaa kwa hatari, moyo unakwenda mbio na tumbo linavurugika. Sasa hapo ukiongeza fimbo umepunguza nini?

Haya, daftari. Mama mimi hizo picha nimezikuza nikaangalia mstari kwa mstari. Kuna swali la 336 gawanya kwa 7. Kwa penseli, hafifu kabisa, kijana kaandika 48, halafu kafuta mpaka karatasi imekaribia kutoboka, juu yake kaweka 42 kwa peni, mwalimu kapiga mkasi. Jibu ni 48! Nikafungua picha nyingine nikakuta mchezo uleule, anapata, anafuta, anaandika kitu kingine, sijui kachungulia kwa jirani au kabahatisha tu. Huyo kugawanya anajua, anachokosa ni kujua kwamba amepata, na ndiyo maana mimi sikubali kabisa hili neno la hana akili.

Kuna mwanasaikolojia mmoja alizaliwa Kanada akafundisha Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, Albert Bandura, mwaka 1977 aliandika kwamba imani ya mtu kuwa jambo fulani analiweza inatoka sehemu nne: kuwahi kulifanya likakubali, kumwona mwenzako wa saizi yako akilifanya, kuambiwa na mtu kwamba utaweza, na jinsi mwili wako unavyojisikia wakati huo. Yenye nguvu kuliko zote ni hiyo ya kwanza. Sasa sisi wazazi tumeng'ang'ania ya tatu tu, jiamini mwanangu, unaweza mwanangu, asubuhi mpaka jioni, wakati mtoto keshaona jina lake liko chini kule ukutani, akuamini wewe au auamini ukuta? Na hiyo ya nne ndiyo inayommaliza Ijumaa, tumbo likianza kusokota yeye anajiambia si unaona, hata mwili unajua siwezi.

Kwa hiyo mfundishe kuhakiki. Akipata 48 haruhusiwi kushika ufutio mpaka arudi kinyumenyume, 48 mara 7. Saba mara nane 56, anaandika 6 anabeba 5, saba mara nne 28 ongeza 5 inakuwa 33, imetoka 336 ileile. Hapo hajasubiri mwalimu wala mama amwambie umepata, kaona mwenyewe, na asubuhi ya tesiti kitu hicho anaingia nacho darasani, hakuna wa kumnyang'anya. Anzeni na hesabu rahisi hata za darasa la nne, chache tu kila jioni, aache kabla hajachoka. Wewe usijali kama hesabu zilikupita zamani, kazi yako ni kuuliza tu, umehakiki? nionyeshe.

Na akipatia usimwite jiniasi. Mwaka 1998 watafiti wawili, Claudia Mueller na Carol Dweck, walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kuwa wana akili walikata tamaa upesi walipokutana na maswali magumu kuliko wale waliosifiwa kwa kujituma, na baada ya hapo hata matokeo yao yalishuka. Inaeleweka bwana, kama kupata ni kwa sababu una akili basi kukosa maana yake huna. Mwambie tu, hapa umehakiki safi.

Kuhusu ile karatasi ya ukutani, Baraza la Mitihani lenyewe mwanzoni mwa 2023 lilitangaza kuacha kutaja shule bora na wanafunzi bora kitaifa, sasa tesiti ya Ijumaa ya darasa la sita inamtangazia nani? Nenda kamwone mwalimu, lakini nenda kwa adabu na nenda peke yako, maana mwalimu mwenye darasa limefurika naye ana yake. Beba hilo daftari, muonyeshe ile 48 iliyofutwa. Mwombe maksi za mwanao ziandikwe ndani ya daftari basi. Na baba, kama ana muda wa kutafuta fimbo, muda wa kukaa na mtoto robo saa anao.

Kitu kimoja cha haraka: mtoto akianza kukosa usingizi, hataki kula, anajitenga na wenzake wiki mbili hivi, usisubiri toleo lijalo, nendeni hospitali, Bugando wana idara ya afya ya akili. Akitamka kwamba heri afe, hapo ni siku hiyohiyo na msimwache peke yake. Namba 116 ya msaada kwa mtoto ni bure kupiga.

SWALI: Anti mambo, niko form one shule ya kata huku Buhongwa. Msingi nilikuwa naongoza ila huku nakaa kimya tu, nikikosea Kiingereza wanacheka. Nahisi nimekuwa mjinga.

JIBU: Poa mdogo wangu. Miaka saba umesoma kila kitu kwa Kiswahili halafu ghafla masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza, ungekuwa huhangaiki ningeshangaa. Usanisinuru, ile ya mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, unaijua, jina tu la Kiingereza, photosynthesis, ndilo geni. Tenga daftari dogo, neno la Kiingereza huku, la Kiswahili kule. Halafu kila usiku chagua swali moja tu la kipindi cha kesho, andika jibu lake, lisome kwa sauti mpaka ulimi uzoee, kesho mwalimu akigusa hapo nyoosha mkono wa kwanza. Na hao wanaocheka waombe nao wajibu uone kama watafungua mdomo.

SWALI: Binti yangu wa miaka mitano ameanza awali hapa Nyakato, kila asubuhi analia getini. Huwa namtoroka akigeuka. Nafanya sawa?

JIBU: Hapana baba, usimtoroke, ndiyo maana kesho yake anakung'ang'ania zaidi, hajui utapotea saa ngapi. Muage, mwambie utamfuata baada ya uji au baada ya michezo, kitu anachokijua siyo saa sita, halafu ondoka bila kurudirudi. Na wewe fika muda huohuo uliomwambia, foleni ya Nyakato unaijua, toka mapema.