Ulichoniuliza kuhusu Ukuta wa Hadrian: beba soksi

Jana kuna dada kaniandikia inbox, anataka kutembea Ukuta wa Hadrian wote, ule wa Warumi kaskazini mwa Uingereza, mwezi wa nane, anauliza abebe nini. Dada yangu, beba soksi. Za kutosha. Pale Vindolanda, ngome ya Warumi karibu na ukuta, walifukua vibao vya mbao vya kama miaka 1,900 iliyopita vimeandikwa kwa wino, kimoja kinataja soksi, sandali na chupi alizotumiwa mtu, sasa kama walinzi wa Roma walitumiwa soksi we nani usibebe?

Mi nimejifunza vibaya. Miaka miwili iliyopita tulienda wanne, nimevaa buti mpya za bei mbaya, nimezitoa dukani juzi yake. Kutoka Wallsend, mwanzo wa njia upande wa mashariki, mpaka ngome ya Chesters nikajikaza, siku ya tatu nafika ngome ya Housesteads kisigino kimechubuka, soksi imegandia kwenye damu. Nikakaa karibu na choo cha wanajeshi (mawe yapo mpaka leo, walikuwa wanajisaidia kwa mstari, hakuna kizuizi, yani stori zinaendelea tu) nikavua kiatu. Wenzangu wakaangalia, wakasema pole kaka, sisi tunasonga. Wakasonga kweli! Nikarudi na basi namba AD122, wameipa mwaka ukuta ulipoanza kujengwa, 122 baada ya Kristo, na mpaka leo mmoja wao akiniona ananiita AD122 mbele za watu.

Iliniuma. Lakini nikaja kusoma kwamba Antoninus, aliyempokea kaisari Hadrian, mwaka 142 alisogea kaskazini akajenga ukuta wake wa mabonge ya udongo na nyasi, haikufika hata miaka thelathini wakauacha wakarudi huku huku kwa Hadrian. Dola nzima imerudi nyuma, sembuse mimi na kisigino! Kwa hiyo ukishindwa rudi, panda basi, usione aibu, wanaokucheka hawakulipii hospitali.

Mwezi wa sita mwaka huu nikaenda peke yangu na viatu vyangu vya zamani. Kilomita 135, siku saba. Mwanzoni ni mjini na barabara, huko hakuna cha kusimulia, ila ukipita Chesters ndo miamba inaanza, kupanda kushuka mpaka magoti yanalia, na ule mti maarufu wa Sycamore Gap walioukata 2023 umebaki kisiki tu. Na soksi, narudia, soksi.

Nilipogonga muhuri wa mwisho kwenye kijitabu cha njia pale Bowness, mwisho wa safari upande wa magharibi, nikapiga picha nikaitupia kwenye grupu letu. Tiki za bluu, wote watatu wameiona. Hakuna aliyejibu.