Kalamu na sepetu katika shairi la Heaney

Umeuliza kama Seamus Heaney, mshairi wa Ayalandi, katika shairi lake "Digging" lililotoka kitabuni mwaka 1966, anaidharau kazi ya baba yake kwa kuchagua kalamu badala ya sepetu. Mimi naona kinyume chake kabisa. Msemaji anamsikia baba akichimba chini ya dirisha, na sauti hiyo inamrudisha miaka ishirini nyuma kwenye matuta ya viazi, kisha hadi kwa babu aliyekata udongo wa kinamasi, ambao watu wa Ayalandi huukausha na kuuchoma kama kuni. Mwenye dharau hawezi kukumbuka kwa usahihi kiasi hicho jinsi buti lilivyokaa juu ya sepetu. Uzito wote, kwa maoni yangu, uko kwenye picha inayorudiwa: mwanzoni kalamu iliyo kati ya vidole inafananishwa na bunduki, ilhali mwishoni bunduki imetoweka na msemaji anaahidi kuchimba kwa kalamu hiyohiyo. Anakiri, bila kujificha, kwamba hana sepetu la kuwafuata wazee wake, lakini kitenzi chao anakichukua. Ningeanza uchambuzi hapo.