Jibu: Mkaguzi wa hesabu anayekagua mpaka nyumbani

Mkuu, umeuliza utaachaje kumhoji mkeo akitoka sokoni, kama vile anajibu hoja za ukaguzi. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi wa hesabu, ISA 200, kinakutaka uwe na shaka ya kitaaluma, sawa, lakini huko kazini umetumwa. Nyumbani nani kakutuma? Halafu wakaguzi mnaisahau ISA 320, kiwango kingine cha hukohuko: tofauti ndogo isiyoweza kubadili uamuzi wa msomaji wa hesabu haimnyimi mtu hati safi. Shilingi 500 ya nyanya iko kundi hilo (na muuza nyanya hatoi risiti, unaitafuta ya nini?). Kaeni mkubaliane kiasi ambacho hakiulizwi kabisa. Ada ya shule na kodi ya nyumba, hizo zipitieni pamoja, naye akukague wewe pia.